Pikipiki ya zamani haiwaki: fuata umeme kutoka betri hadi plagi kabla hujanunua kifaa

Ukifika kijiweni ukasema pikipiki yako ya zamani imegoma kuwaka, kabla hujamaliza kueleza utasikia, "Hiyo ni CDI," yaani kile kiboksi cha umeme kinachoiamuru koili itoe cheche. Mwingine atasema koili, ile inayokuza umeme wa plagi. Wa tatu atakwambia betri imechoka, nunua mpya. Inawezekana mmoja wao yuko sahihi, lakini hakuna aliyepima. Nimelipia makisio ya namna hii mara nyingi, na sasa sinunui kifaa chochote cha umeme mpaka mita inionyeshe kwamba kimekufa. Mara nyingi kifaa chenyewe ni kizima. Kilichoharibika ni njia ya umeme: kutu chini ya bolti ya bodi (chuma cha fremu au injini kinachorudisha umeme kwenye betri), soketi iliyonyeshewa, au waya uliokatikia ndani ya ngozi yake huku nje ukionekana mzima.

Naeleza nikiwa na pikipiki zenye injini ya aina ya CG kichwani, za 125 na 150. Honda ilitoa CG125 mwaka 1976, na muundo wake ukaja kufuatwa na viwanda vingi vya China, hivyo nyingi kati ya pikipiki za Kichina zilizozeeka mikononi mwetu zina injini ya ukoo huo na nyaya za rangi zilezile. Toleo za mwanzo kabisa zilikuwa na platini (swichi ndogo ya kukata umeme wa cheche, iliyotumika kabla ya CDI) na umeme wa volti 6. Hizi tulizonazo zina CDI na volti 12. Kama yako ni ya aina nyingine, utaratibu ni uleule, ila rangi za nyaya zinaweza kutofautiana.

Vifaa unavyohitaji

Mita ya kidijitali ya bei ndogo inatosha. Ongeza globu ya indiketa ya wati 10 uliyoiunganisha na nyaya mbili ndefu. Usiidharau globu hiyo. Waya ulioliwa na kutu ndani ukabaki na mgusano hafifu tu utaonyesha volti 12 kwenye mita bila shida, kwa kuwa mita haivuti umeme wa maana. Ukiweka globu, itawaka kwa unyonge au haitawaka kabisa, na hapo ndipo ukweli unapojitokeza. Mita hukupa namba, globu hukwambia kama njia inabeba mzigo.

Tafuta pia plagi ya pili unayojua ni nzima, msasa laini, brashi ya waya, spana na bisibisi zako za kawaida, na kipande cha waya mnene kama ule wa betri. Vaselini au grisi kidogo ya kupaka mwishoni.

Mambo ya usalama nayasema mapema kwa sababu yanaumiza watu. Betri ya maji ikichajiwa hutoa gesi inayoshika moto, basi sigara na kiberiti vikae mbali. Unapotoa betri, anza na upande hasi; unaporudisha, hasi iwe ya mwisho, ili spana ikigusa fremu kwa bahati mbaya isipige shoti. Cheche ya plagi ni maelfu ya volti, usiishike kwa mkono. Na unapopima cheche, ufunguo wa mafuta uwe umefungwa na shimo la plagi liwe mbali na cheche, kwa maana injini ikizungushwa hutema mvuke wa petroli hapo.

Swali la kwanza: inawaka kwa kiki?

Jibu la swali hili linagawa kazi yote katikati. Weka nyutro, washa ufunguo, piga kiki mara tano au sita.

Ikiwaka kwa kiki lakini selfu haifanyi kitu, au inazungusha kwa uchovu, basi njia ya cheche ni nzima. Usiguse CDI wala koili. Tatizo liko kati ya betri, rilei (swichi ya sumaku inayopeleka umeme kwenye mota ya selfu), kitufe na mota yenyewe. Ikiwa selfu inazungusha injini kwa nguvu lakini haiwaki, na kiki nayo haisaidii, achana na betri na rilei, nenda moja kwa moja kwenye cheche. Ikiwa hakuna chochote, taa ya nyutro haiwaki wala honi hailii, anza na fyuzi na vichwa vya betri.

Kosa ninaloliona sana ni mtu kuruka swali hili. Selfu imenyamaza, yeye anafungua plagi.

Betri, fyuzi na ukweli wa honi

Weka mita kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Pikipiki ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa, betri iliyojaa husoma kati ya 12.6 na 12.8. Ikisoma 12.4 ina kama robo tatu ya chaji. Ikishuka hadi 12.0 iko karibu tupu, hata kama indiketa bado zinapepesa.

Lakini namba hiyo peke yake haitoshi, kwa sababu betri iliyooza ndani inaweza kusoma 12.6 ikiwa imepumzika. Acha mita ikiwa imeshikilia vichwa vya betri, kisha bonyeza kitufe cha selfu. Betri nzima itashuka na kusimama juu ya volti 10 hivi. Ikiporomoka hadi 8 au 7, inahitaji kuchajiwa, na kama imeshachajiwa usiku kucha na bado inaporomoka, imekwisha. Ikibaki 12.5 bila kutikisika wakati umebonyeza kitufe, betri haijaombwa umeme wowote. Njia imekatika mbele.

Kwenye nyingi za pikipiki hizi, taa kubwa ya mbele hupata umeme wake moja kwa moja kutoka kwenye koili za magneti (jenereta ndogo inayozungushwa na injini), si kwenye betri. Ndiyo maana inafifia injini ikilegea na kung'aa ukivuta mafuta. Basi usihukumu betri kwa taa kubwa. Ihukumu kwa honi na taa ya breki. Honi ikilia kwa sauti ya mafua na taa ya breki ikawa nyekundu ya kufifia, betri ni dhaifu au kichwa chake kimelegea.

Betri ya maji ya 12V 7Ah huchajiwa taratibu, kama ampea 0.7, kwa saa kumi au zaidi. Chaja kubwa ya gari inayosukuma ampea 5 huipika. Maji yakipungua ongeza maji yaliyokenekwa (distilled) tu, ya dukani. Asidi huongezwa mara moja tu betri ikiwa mpya.

Fyuzi za pikipiki hizi nyingi ni za kioo, na zinahitaji kutazamwa kwa ukaribu. Itoe, ishike juu dhidi ya mwanga wa jua. Uzi wa ndani unaweza kuwa umekatikia kwenye kofia ya chuma, mahali pasipoonekana, kwa hiyo ipime kwa mita. Kisha angalia kishikio chake. Plastiki ikiwa imebadilika rangi kuwa ya kahawia, au imekunjamana upande mmoja kama nta iliyoona moto, springi ya ndani imepoteza mkazo na mgusano unapasha joto. Fyuzi itakuwa nzima na umeme hautapita. Badilisha kishikio kizima, ni kitu cha bei ndogo. Na usifunge karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi. Siku waya ukipiga shoti, kitakachoungua ni mfumo mzima wa nyaya, mara nyingine na pikipiki yenyewe.

Nyaya nene: mahali umeme unapopotea

Hapa ndipo pikipiki nyingi za zamani zinapokwama, na hapa ndipo ningependa utumie muda mwingi. Mota ya selfu huvuta makumi ya ampea. Kwa mkondo mkubwa hivyo, kutu nyembamba kama karatasi kati ya kichwa cha waya na bolti hula volti mbili au tatu, na mota inayobakiwa na volti 8 haizungushi kitu.

Njia ya kuigundua inaitwa kupima upotevu, na haihitaji kufungua chochote. Weka mita kwenye DC. Ncha moja iguse nguzo yenyewe ya hasi ya betri, ile risasi, si kichwa cha waya. Ncha ya pili iguse sehemu safi ya chuma cha injini. Sasa bonyeza selfu huku ukisoma. Njia nzima itakupa namba ndogo sana, 0.1 au 0.2. Ukisoma 0.8 au 1.5, umempata mwizi: waya wa hasi, au mahali unapofungwa kwenye bodi.

Fanya vivyo hivyo upande chanya: ncha moja kwenye nguzo chanya ya betri, nyingine kwenye bolti ya mota ya selfu, bonyeza kitufe. Ikizidi 0.5, sogeza ncha hatua kwa hatua kurudi nyuma, bolti ya rilei upande wa mota, bolti ya rilei upande wa betri, kichwa cha betri. Mahali namba inapoporomoka ghafla, kasoro iko katikati ya hatua hizo mbili. Angalizo: upande huu kabla hujabonyeza kitufe mita itasoma volti 12, na hiyo ni sawa. Unachotafuta ni usomaji wa wakati mota inavuta. Na usije ukaweka mita kwenye ampea ukaiunga mfululizo na mota. Utaichoma fyuzi ya mita kwa sekunde.

Ukishapata mahali, fungua bolti. Waya wa hasi kwenye pikipiki hizi hufungwa kwenye bolti ya injini au fremu, mara nyingi juu ya rangi. Kwangu ulikuwa umefungwa hivyo, na miaka ya matope ilikuwa imejenga unga wa kijani kati ya pete ya shaba na chuma. Nilikwangua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa pande zote mbili, nikasafisha na nyuzi za bolti, nikafunga kwa nguvu, ndipo nikapaka grisi kwa juu. Grisi inapakwa baada ya kufunga, kazi yake ni kuzuia maji. Upotevu ulishuka kutoka volti 1.3 hadi 0.1, na selfu niliyokuwa nimeambiwa mota yake imekufa ikazungusha injini kama mpya.

Rilei inanyamaza, inasema "tik", au inatetemeka

Sikiliza. Rilei ya selfu huwa karibu na betri, ina bolti mbili nene na nyaya mbili nyembamba.

Ikitetemeka mfululizo, trrrr, betri ni dhaifu au kichwa cha betri kimelegea: rilei inavuta, volti zinaanguka, inaachia, zinapanda, inavuta tena. Rudi kwenye betri.

Ikisema "tik" moja nzito halafu kimya, imevuta, lakini umeme hauvuki au mota haijibu. Pima volti kati ya bolti zake mbili nene huku umebonyeza kitufe. Ikisoma karibu 12, mabamba ya ndani yameungua na umeme hauvuki, badilisha rilei. Ikisoma karibu sifuri, rilei inapitisha vizuri na sasa shaka iwe kwa mota au bodi yake.

Watu wengi huvukisha bolti hizo mbili kwa bisibisi. Inafanya kazi, ila bisibisi hutoka na kovu na cheche huruka karibu na tangi. Tumia kile kipande cha waya mnene, hakikisha nyutro, hakikisha hakuna petroli inayovuja, gusa kwa sekunde moja. Gia ikiwa ndani, pikipiki itaruka mbele yako.

Ikinyamaza kabisa, shida iko kwenye njia nyembamba. Waya wa njano wenye mstari mwekundu kwa kawaida ndio unaotoka kwenye kitufe. Chomeka globu yako kati ya waya huo na hasi ya betri, washa ufunguo, bonyeza kitufe. Ikiwaka vizuri, kitufe kimefanya kazi yake. Angalia waya wa pili mwembamba, unaokwenda bodi, na ambao kwenye pikipiki nyingi hupitia swichi ya klachi au ya nyutro kwanza. Bana klachi, ujaribu tena. Swichi ya klachi ni kidude kidogo kwenye mkono wa kushoto, na ikijaa vumbi hukwama ikidhani hujabana. Kama selfu inafanya kazi nyutro tu na kukataa ukibana klachi kwenye gia, umeshaijua.

Globu isipowaka, fungua kile kiboksi cha swichi mkono wa kulia. Skrubu mbili tu. Ndani yake utakuta kibamba cha shaba na springi, na kwenye pikipiki iliyolala nje miaka mingi utakuta kimekuwa cheusi. Kisugue kwa msasa mpaka kiwe cha rangi ya shaba, weka vaselini kidogo mno, funga. Shikilia springi kwa kidole unapofungua. Ikirukia majanini hutaiona tena.

Mota yenyewe

Ukiwa na uhakika kwamba volti 10 na zaidi zinafika kwenye bolti ya mota, bodi ni safi, na bado haizunguki, sasa una haki ya kuifungua. Hutoka kwa bolti mbili. Ndani yake kaboni zitakuwa zimelika, au unga wake umejaza mifereji ya shaba. Safisha shaba kwa msasa laini, kwangua mifereji kwa ncha ya wembe, badilisha kaboni. Kama kaboni ni fupi kiasi kwamba springi haizisukumi tena mpaka kwenye shaba, hizo ndizo zilizokuwa zikikusumbua asubuhi na kukubali mchana baada ya kugongwa kidogo.

Mota ikizunguka kwa mlio mkali wa juu lakini injini haisogei, hilo si la umeme. Ni klachi ya selfu nyuma ya magneti, rola na springi zake zimechoka.

Cheche: anza kwenye plagi, rudi nyuma

Sasa upande wa pili. Injini inazunguka vizuri, mafuta yapo, haiwaki.

Toa plagi. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika na cheche ndiyo inayokosekana. Ikiwa kavu baada ya kiki ishirini, angalia kabureta kwanza. Chomeka ile plagi nyingine nzima kwenye kofia yake, ilaze ili uzi wake wa chuma uguse kichwa cha silinda vizuri, mbali na shimo, ukiwa kivulini, na piga kiki. Tafuta cheche ya bluu yenye mlio wa "tak". Cheche ya rangi ya chungwa, nyembamba, inayokuja na kupotea haitawasha injini yenye mgandamizo hata ukiiona kwa macho. Usipige kiki kofia ya plagi ikining'inia hewani bila kugusa bodi; umeme mkubwa ukikosa pa kwenda hutafuta njia ndani ya koili au CDI.

Uwazi wa plagi kwa injini hizi ni 0.6 hadi 0.7 ya milimita. Hakuna cheche? Kofia ya plagi huzungushwa ikatoka kwenye waya kama bolti ya mbao. Itoe, kata milimita 5 za mwisho wa waya ambapo shaba imekuwa nyeusi, sogeza ncha yenyewe ya waya karibu na chuma, milimita tano hivi, ukiishikilia kwa koleo yenye mpini mzuri wa plastiki, na mwenzako apige kiki. Cheche ikionekana sasa, kofia ndiyo iliyokufa. Nyingi zina rezista ya kama omu 5,000 ndani; ikisoma mamia ya maelfu au isiposoma kabisa, itupe.

Bado hakuna? Kabla ya koili, kabla ya CDI, fanya jaribio hili moja ambalo lingeniokolea fedha nyingi.

Waya mweusi wenye mstari mweupe

CDI za aina hii ya zamani hazihitaji betri. Zinapata umeme wao kutoka kwenye koili maalumu ya magneti, na ndiyo maana pikipiki yenye betri iliyokufa inawaka kwa kiki. Kuzima injini kunafanywa kwa njia ya kushangaza kidogo: ufunguo ukifungwa, au swichi nyekundu ya kuzimia ikibonyezwa, waya mweusi wenye mstari mweupe unaunganishwa na bodi, na umeme wote wa CDI unamwagika huko. Maana yake waya huo ukigusa bodi mahali popote, CDI nzima, koili nzima na plagi mpya haviwezi kutoa cheche.

Yangu ilianza kuzimika nikikata kona kulia. Baadaye ikagoma kabisa. Nilinunua CDI. Nikanunua koili. Nilipochomoa waya mweusi wa mstari mweupe pale kwenye soketi ya CDI na kupiga kiki, iliwaka kiki ya kwanza. Nyuma ya taa ya mbele, shingoni ambapo usukani unageuka, ngozi ya waya ilikuwa imesagwa na ukingo wa fremu mpaka shaba ikaonekana, urefu wa punje ya mchele. Vifaa viwili vizima nilivyovitoa bado ninavyo kwenye boksi.

Basi chomoa waya huo, funika ncha yake isiguse kitu, piga kiki. Ikiwaka, kosa liko kwenye swichi ya ufunguo, swichi nyekundu, au waya wenyewe. Kumbuka tu kwamba ufunguo hautaizima sasa. Izime kwa kuweka gia ya juu, kushika breki na kuachia klachi taratibu. Masika yakianza, swichi nyekundu iliyoingia maji hufanya kosa hili hili asubuhi na kujiponya jua likipanda, na mwenye pikipiki huamini ni unyevu kwenye plagi.

Pikipiki nyingi za miaka ya karibuni zina CDI inayotumia betri. Utaitambua hivi: washa ufunguo, pima kila tundu la soketi ya CDI dhidi ya bodi. Ukikuta volti 12 kwenye moja, ni ya betri, na hapo betri iliyoanguka chini ya volti 9 hivi wakati wa selfu inaweza kunyima cheche hata kama injini inazunguka. Kwa aina hiyo, waya wa volti 12 ndio wa kufuatilia, kwa globu.

Koili za magneti, koili ya plagi, na mwisho CDI

Kwa ile isiyotumia betri, chomoa soketi ya CDI na uweke mita kwenye omu. Waya mweusi wenye mstari mwekundu unatoka kwenye koili ya kulisha CDI. Dhidi ya bodi utasoma mamia kadhaa ya omu. Waya wa pulsa (koili ndogo inayoiambia CDI wakati wa kutoa cheche), kwa kawaida wa bluu wenye mstari, husoma kati ya omu 100 na 200 mara nyingi. Namba kamili hutofautiana kati ya watengenezaji, lakini sifuri ni shoti na kutosoma kabisa ni kukatika, kwa pikipiki yoyote. Kisha geuza mita kwenye volti za AC, piga kiki ya nguvu: koili ya kulisha inatakiwa kutoa makumi ya volti, zaidi ya 40. Pulsa itatoa kidogo sana, sehemu ya volti, ila lazima iruke. Pima injini ikiwa ya baridi, halafu pima tena ikiwa ya moto, kwa sababu koili inayokufa mara nyingi hukatika ikipata joto tu na kuungana ikipoa. Pikipiki inayozima baada ya dakika ishirini za safari na kuwaka tena baada ya kupumzika, ishuku hapo. Uwazi kati ya pulsa na kile kinundu cha magneti uwe kama 0.5 ya milimita.

Koili ya plagi: upande mdogo husoma chini ya omu 1, upande mkubwa, bila kofia, elfu kadhaa. Chunguza na bodi yake: koili iliyofungwa kwenye fremu yenye rangi au kutu hukosa njia ya kurudi. Waya mweusi wenye mstari wa njano ndio unaoileta amri kutoka CDI, pima kama umefika bila kukatika.

CDI haipimiki kwa mita ya kawaida. Inahukumiwa kwa kuondoa wengine: koili zote mbili za magneti zinasoma na kutoa volti, waya wa kuzimia umechomolewa, waya wa kijani wa bodi unafika, koili ya plagi ni nzima, na bado hakuna cheche. Sasa azima CDI ya mwenzako yenye soketi ileile na ujaribu kabla ya kulipa. Soketi yenyewe iangalie kwa tochi. Kipini kimoja kilichorudi nyuma ndani ya plastiki kinafanana kabisa na CDI iliyokufa.

Baada ya kuwaka

Usiishie hapo, kwa sababu betri iliyokuangusha leo iliangushwa na kitu. Injini ikiwaka, weka mita kwenye betri na uvute mafuta mpaka mngurumo wa kati. Namba ipande kati ya 13.5 na 14.8. Ikibaki 12 na kitu, magneti au rektifaya (kifaa kinachogeuza umeme wa magneti uweze kuchaji betri) haichaji. Ikipita 15, rektifaya inaipika betri, na utaona maji yanaisha na globu zinaungua moja baada ya nyingine.

Ikiwa inachaji vizuri lakini ikilala siku mbili betri inakuwa tupu, zima ufunguo, chomoa hasi ya betri na uweke mita katikati ya nguzo na waya kwenye kipimo cha miliampea. Isome karibu sifuri. Usiwashe ufunguo wala kugusa selfu mita ikiwa hapo. Ikisoma makumi ya miliampea, chomoa rektifaya kwanza, halafu alamu kama ulifungiwa, uone ipi inarudisha namba chini. Alamu zilizofungwa kwa kusokotwa waya na kuzungushiwa gundi ya karatasi ndizo ninazozikuta zaidi.

Mwisho kabisa, injini ikinguruma yenyewe bila kuvuta mafuta, geuza usukani kushoto hadi mwisho, subiri, kisha kulia hadi mwisho. Ikikohoa au ikizima upande mmoja, toa taa ya mbele, fungua kanda ya nyaya pale shingoni, na chukua waya mmoja mmoja kwa vidole viwili ukiuvuta taratibu. Waya uliokatikia ndani hurefuka kama mpira, mzima hukataa.